Deni la mbunge: tangu 1960, nani analipa na nani anadaiwa

Kila kampeni ikifika, watu wa Kongo wanaona mambo yale yale. Tisheti zinagawiwa sokoni, vitenge vinatolewa kwa wamama, chumvi na sabuni zinapita nyumba kwa nyumba, na msafara wa magari unaingia kijiji ambacho hakijaona gari kwa miezi mingi. Watu wanapokea, wanacheza, wanarudi nyumbani. Swali moja haliulizwi sana: pesa hii imetoka wapi, na mwenye kuitoa anangoja nini?

Wazee wanasema dawa ya deni ni kulipa. Mgombea aliyesaidiwa na tajiri, na kampuni, au na mkubwa wa chama, anaingia Bungeni akiwa na deni. Na deni hilo hatalilipa kwa noti. Atalilipa kwa kura yake: siku ya kuchagua gavana, siku ya kupitisha sheria ya madini, siku ya kuondoa au kuacha serikali. Historia ya Kongo inaonyesha jambo hili tangu kabla ya uhuru, na inaonyesha pia nani mwisho wa yote anabaki kulipa.

Kampuni na vyama, 1960

Mwaka 1959 na 1960 vyama vilizaliwa kwa wingi katika Kongo ya Wabelgiji. Kuzunguka nchi kubwa namna hii kulihitaji magari, mafuta, karatasi na mishahara ya watu wa kampeni. Vyama vingi havikuwa na kitu. Chama cha PNP, kilichoundwa Coquilhatville (Mbandaka ya leo) mwezi wa Novemba 1959, kilisaidiwa na utawala wa kikoloni, na watu walijua. Herufi zake zilimaanisha Parti National du Progrès, lakini mitaani walizigeuza kuwa Parti des Nègres Payés, yaani chama cha Weusi waliolipwa. Jina hilo la kuchekwa lilikishika mpaka siku ya uchaguzi. Mwezi wa Mei 1960, MNC ya Patrice Lumumba ilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote katika viti 137 vya Baraza la Wabunge, na PNP ikabaki mbali nyuma.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kwamba raia aliweza kuona pesa na kuikataa. Lakini Katanga mambo yalikwenda njia nyingine. Huko Conakat ya Moïse Tshombe ilisaidiwa na walowezi wa Kizungu na kampuni ya shaba, Union Minière du Haut-Katanga. Baraza la jimbo lilikuwa na wabunge 60. Conakat ilizidi kwa viti vichache tu Balubakat ya Jason Sendwe na washirika wake, au tuseme walikaribia kulingana. Hakuna aliyeweza kuwapuuza wengine. Sheria ya msingi, ile iliyotungwa Brussels kwa ajili ya uhuru, ilidai theluthi mbili ya wabunge wawe ndani ya ukumbi ili serikali ya jimbo ichaguliwe. Wabunge wa Balubakat wakatoka ili kuilazimisha Conakat ikae nao mezani. Katikati ya mwezi wa Juni, Bunge la Ubelgiji likabadili sheria hiyo. Conakat ikaunda serikali ya jimbo peke yake.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Union Minière ikalipa kodi na ushuru wake kwa Elisabethville badala ya Léopoldville. Pesa iliyosaidia chama ikawa sasa inalisha dola nzima iliyojitenga. Na walioumia ni nani? Kaskazini ya Katanga vijiji vya Baluba vilichomwa. Mwaka 1961 maelfu kwa maelfu ya Baluba walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa pale Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Wapiga kura wa Balubakat, ambao wabunge wao walitoka ukumbini wakidai mapatano, wakajikuta chini ya hema katika mji wao wenyewe.

Dola laki moja, halafu Lovanium

Huko Léopoldville nako pesa ilikuwa inatafuta wabunge. Mnamo tarehe 26 Agosti 1960, mkubwa wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, Allen Dulles, alimwandikia mtu wake wa Kongo kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la kwanza kabisa, na akamruhusu kutumia mpaka dola 100.000 kwa mambo ya haraka bila kuomba ruhusa tena. Barua hiyo iliwekwa wazi mwaka 1975 na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe, iliyoongozwa na seneta Frank Church.

Tarehe 5 Septemba Raisi Joseph Kasavubu alimfukuza Lumumba. Lumumba akaenda Bungeni. Tarehe 7, Baraza la Wabunge lilipiga kura 60 kwa 19 kufuta uamuzi huo. Tarehe 8, Seneti ilimuunga mkono kwa kura 41 kwa 2. Hapo tena pesa ilishindwa. Wabunge wa wakati ule, wengi wao makarani na waalimu waliokuwa Bungeni kwa miezi mitatu tu, walisimama mbele ya shinikizo kubwa. Jibu lilikuja kwa njia ya bunduki: tarehe 14 Septemba kanali Mobutu alitangaza kwamba anawaweka kando wanasiasa wote, na milango ya Bunge ikafungwa. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga.

Bunge lilifunguliwa tena mwezi wa Julai 1961, na mahali palipochaguliwa ni Chuo Kikuu cha Lovanium, juu ya kilima nje ya mji, panapoitwa leo Unikin. Wabunge walifungiwa ndani. Askari wa Umoja wa Mataifa walizunguka uzio. Simu zilikatwa, na ilikatazwa kuingia na silaha au pesa. Katazo la pesa lenyewe linasema mengi: kila mtu alijua kwamba kura zinaweza kununuliwa.

Mwanzoni kundi la Lumumba, lililoongozwa sasa na Antoine Gizenga kutoka Stanleyville, lilionyesha nguvu. Mtu wao, Joseph Kasongo, alichaguliwa spika wa Baraza la Wabunge. Lakini tarehe 2 Agosti aliyekubaliwa kuwa waziri mkuu ni Cyrille Adoula. Nyaraka ambazo serikali ya Marekani ilichapisha miaka mingi baadaye, mwaka 2013, zinaonyesha kwamba CIA ilitia pesa katika mapambano yale kusaidia kundi lililomtaka Adoula, na kwamba iliendelea kuwalipa wakubwa wa Kongo miaka iliyofuata.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Adoula alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, aliyejulikana na wengi, na wabunge wengi walimkubali kwa sababu walichoka na nchi iliyogawanyika vipande. Gizenga mwenyewe aliingia katika serikali yake kama makamu. Pesa peke yake haikumfanya Adoula. Ila serikali iliyozaliwa na mkono wa nje ilibaki ikitazama mkono huo. Wabunge walipoanza kuisumbua kwa maswali, Bunge lilifungwa tena, mwezi wa Septemba 1963.

Kilichofuata, wazee wa mashariki wanakikumbuka. Watu waliofungiwa mlango wa Bunge walichukua njia ya msitu. Januari 1964 Pierre Mulele aliwasha moto Kwilu. Miezi michache baadaye uasi ulikuwa Uvira na Fizi, halafu Albertville ambayo ni Kalemie, na tarehe 5 Agosti ukafika Stanleyville. Familia ngapi za Kivu ya Kusini zilivuka ziwa Tanganyika katika miaka ile, na ngapi zilizika watu wao njiani? Mstari kutoka bahasha ya Lovanium mpaka mtumbwi wa mkimbizi si mstari ulionyooka, lakini upo.

Vyama vya chakula

Chini ya Mobutu, tangu 1967, kulikuwa na chama kimoja, MPR, na mtoaji mmoja. Mbunge hakuhitaji kutafuta tajiri: hazina ya serikali na mfuko wa raisi vilikuwa kitu kimoja, na wimbo ulikuwa mmoja.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Ikaonekana kama ushindi, na kwa sehemu ulikuwa ushindi. Lakini muda si mrefu vyama vilimea kama uyoga baada ya mvua, vingi vikiwa na raisi, katibu, muhuri, na wanachama wasiojaza chumba. Vingi kati ya hivyo viliishi kwa pesa ya raisi, ili katika Mkutano Mkuu wa Taifa sauti ya upinzani izamishwe. Wakongomani walitunga neno lao: multipartisme alimentaire, yaani vyama vingi vya kutafuta chakula. Neno hilo halijazeeka mpaka leo.

Bas-Congo, 2007: kura chache, maiti wengi

Katiba ya Februari 2006 ilileta jambo jipya. Raia anachagua raisi, wabunge wa taifa 500 na wabunge wa jimbo. Lakini maseneta na magavana hawachaguliwi na raia. Wanachaguliwa na wabunge wa jimbo. Hesabu yake ni nyepesi. Kumshawishi raia wa jimbo zima kunataka miezi na mali nyingi. Ukumbi wa jimbo una watu thelathini hivi, na katika jimbo dogo hawafiki hata hapo. Pale ambapo pande mbili zinakaribiana, mwenye pesa anahitaji kugeuza watu wawili au watatu tu.

Mwezi wa Januari 2007 wabunge hao walichagua magavana kwa mara ya kwanza. Katika Bas-Congo, jimbo linaloitwa sasa Kongo Central, upinzani ulikuwa umeshinda katika baraza la jimbo. Lakini aliyetoka gavana ni Simon Mbatshi, mtu wa upande wa Raisi Joseph Kabila, kwa tofauti ndogo sana. Kinshasa nako upinzani ulikuwa na wingi, na gavana akatoka upande wa raisi. Watu wakauliza: kura zetu zimekwenda wapi? Lawama ya kwamba wabunge walinunuliwa ilisikika kila mahali.

Wafuasi wa Bundu dia Kongo, kundi la dini na siasa la Bakongo, waliitisha maandamano. Tarehe 31 Januari na 1 Februari, pale Matadi, Boma, Muanda na miji mingine, polisi na askari walifyatua risasi. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wao raia, pamoja na polisi na askari wachache. Wale waliokufa hawakuwa ndani ya ukumbi. Hawakupokea bahasha yoyote. Walikuwa wapiga kura waliotaka kujua kwa nini wingi wao umegeuka uchache usiku mmoja.

2019: hata walioko juu walilalamika

Miaka 12 baadaye jambo lilirudi. Tarehe 15 Machi 2019 wabunge wa majimbo walichagua maseneta. Hata kabla ya siku hiyo wagombea kadhaa walijitoa, wakisema wazi kwamba wabunge wanawadai pesa ili wawapigie kura. FCC, muungano wa Joseph Kabila, ulichukua sehemu kubwa sana ya viti. UDPS, chama cha Raisi mpya Félix Tshisekedi, hakikupata hata seneta mmoja Kinshasa, mji ambao kilikuwa na wabunge wa jimbo wengi. Vijana wa UDPS waliandamana kwa hasira Kinshasa na Mbuji-Mayi, wakiwalaumu wabunge wa chama chao wenyewe kwamba wamekiuza.

Tarehe 18 Machi raisi alisimamisha kuingia kazini kwa maseneta hao, akaahirisha uchaguzi wa magavana, na akaagiza waendesha mashtaka wachunguze. Kabla mwezi haujaisha kizuizi kiliondolewa, na maseneta wakaenda kukaa. Hapo ndipo mwananchi alijifunza jambo chungu: mkubwa wa nchi anaweza kulalamika kwamba kura imenunuliwa, na kura hiyo ikasimama.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, tume ya uchaguzi, CENI, ilifanya kitu ambacho hakikuwa kimezoeleka: ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu za udanganyifu, rushwa, vurugu na kushika mashine za kupigia kura. Kati yao walikuwemo mawaziri na magavana. Hiyo ilikuwa hatua. Lakini iligusa siku ya kura. Haikugusa swali la nani alilipa kampeni.

Deni linavyofungwa leo

Ili kuelewa kwa nini mbunge anatii, ni lazima kutazama gharama ya kuingia. Mwaka 2006 dhamana ya mgombea uraisi ilikuwa dola 50.000, kwa uchaguzi wa 2018 ilipanda mpaka dola 100.000. Mgombea ubunge wa taifa mwaka 2023 alitakiwa kuweka franka 1.600.000, isipokuwa orodha yake iwe na wanawake nusu. Na sheria ya 2022 inataka chama au muungano uweke wagombea katika asilimia 60 ya viti, la sivyo orodha zake zinakataliwa. Kwa viti 500, hiyo ni wagombea 300. Zidisha, utapata franka milioni 480 kabla ya kununua tisheti moja au lita moja ya mafuta. Halafu chama kinatakiwa kipate asilimia 1 ya kura za nchi nzima ndipo kihesabiwe katika kugawa viti.

Mwalimu wa Walikale au muuguzi wa Fizi hawezi kubeba mzigo huo peke yake. Anaenda kwa mwenye chama, yule anayeitwa kwa Kifaransa autorité morale. Mara nyingi mwenye chama ndiye mfuko wa chama. Analipa dhamana, anatoa gari, anaamua jina lako likae wapi kwenye orodha. Na ukishachaguliwa, kifungu cha 110 cha Katiba kinasema mbunge anayeacha chama chake kwa hiari anahesabiwa ameacha kiti pia. Kifungu hicho kiliwekwa ili wabunge wasihamehame kama wafanyabiashara wa soko. Nia ni nzuri. Lakini kinapokutana na chama cha mtu mmoja, kinamfunga mbunge kwa yule aliyemlipia. Akipiga kura kinyume, hana mahali pa kwenda.

Sheria haikusahau kabisa. Sheria ya tarehe 10 Juni 2008 inasema serikali isaidie vyama kwa pesa ya umma, kwa masharti ya kuonyesha hesabu. Fikra yake ni hii: chama kikipata kidogo kutoka kwa wote, hakitalazimika kumpigia magoti mmoja. Vyama vimelalamika mwaka kwa mwaka kwamba pesa hiyo haitoki. Sheria ikikaa kwenye karatasi, tajiri anakaa kwenye kiti chake.

Wale ambao hawakupiga kura

Kwa familia zilizokimbia vita, habari hii ina uzito wake. Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, unaoitwa état de siège. Magavana wa kiraia waliondoka, mabaraza ya majimbo yakasimamishwa. Na kila mara muda ulipofika, wabunge walioko Kinshasa walipiga kura kuuongeza, hata pale ambapo wabunge wengi waliotoka katika majimbo hayo mawili walipinga. Kura ya mbunge kutoka mbali, mwenye deni kwa mtu mwingine, iliamua maisha ya Beni, Djugu na Masisi.

Mwezi wa Desemba 2023 nchi ilipiga kura, lakini katika wilaya za Masisi na Rutshuru, na Kwamouth huko Mai-Ndombe, hakukuwa na uchaguzi kwa sababu ya vita. Waliokuwa kambini wakiitazama milima ya kwao hawakuchagua mbunge wa kwao. Kwa mwenye kugawa tisheti, mtu asiyekuwa na kura hana faida. Kwa mbunge anayelipa deni, mtu asiyekuwa na kura si mdai.

Ndiyo sababu swali la pesa ya kampeni si la wanasheria wa Kinshasa peke yao. Siku ambayo mgombea atakuja tena, kijijini au kambini, kuna maswali ambayo yeyote anaweza kumuuliza bila kujua sheria hata moja. Nani alilipa dhamana yako? Gari hili ni la nani? Chama chako kina hesabu iliyoandikwa, na nani ameiona? Ulipokuwa Bungeni mara iliyopita, ulipiga kura gani kuhusu état de siège, na nani alikuambia upige hivyo?

Mwaka 1960 watu wa mitaani waligeuza herufi tatu za PNP zikawa kicheko, na chama kilichokuwa na magari na pesa kikaanguka. Hawakuwa na intaneti wala tume ya uchaguzi. Walijua tu nani analipa, wakalisema jina lake kwa sauti.